Msimamizi wa Severina

Severina alikuwa amechoka ule uchovu ambao maji ya moto hayauwezi. Uchovu wa mtu aliyelima leo una adabu yake: unaoga, unakula ugali wako na kisamvu, unalala, asubuhi umeshaondoka. Wa Severina ulikuwa umehamia moja kwa moja. Ulianzia magotini, ukapanda kiunoni, na baridi ya Songea ikiingia ulifika mpaka kwenye meno. Kila alfajiri, kabla ya kushika unga wa maandazi, alikaa kwanza ukingoni mwa kitanda akiyangoja magoti yake yakubaliane, maana kila moja lilikuwa na hoja yake.

Maandazi hayo, pamoja na uji wa ulezi, aliyauza Mfaranyaki, jirani na kijiwe cha bodaboda. Vijana wa bodaboda wanakula sana na wanalipa kidogo, lakini wanalipa. Kwa hela hiyo alipanga chumba, akanunua mafuta ya taa na ya kukaangia, na kila wiki akaweka hisa zake katika kikundi. Ila moyo wake haukuwa kwenye maandazi. Moyo wake ulikuwa shambani.

Shamba lenyewe liko njia ya Namtumbo. Unashuka kwenye gari kabla hujafika mjini, unatembea kidogo, unavuka kijito, umefika. Udongo mweusi, mahindi yanatoka manene kama mkono wa mtoto wa tajiri. Alililima na marehemu mumewe, Otto, tangu wameoana. Na tuseme ukweli, marehemu atusamehe: alililima Severina. Otto alikuwa mtu wa kusimama mwisho wa tuta akatazama kama tuta limenyooka.

Otto alipofariki, matanga yakaanuliwa, na kabla majivu ya moto wa msibani hayajapoa vizuri, mdogo wake Sipriani akasafisha koo.

"Shemeji, lile shamba ni la ukoo."

Severina akaenda kwenye baraza la ardhi. Mara ya kwanza mwenyekiti alikuwa msibani. Mara ya pili karani hakuwepo, na ufunguo wa kabati alikuwa nao karani. Mara ya tatu wakamwambia alete mashahidi wa kusema nani alikuwa analima. Akaleta majirani watatu waliokuwa wanapakana naye. Wakatazamwa juu mpaka chini, wakaambiwa: "Hawa wote wanawake, mama. Ongeza na mwanaume hapo, shauri liwe na uzito." Severina akarudi mjini, akavua kandambili, akalala mchana kweupe. Hakurudi tena. Watu wakasema amekubali kushindwa. Hakuwa amekubali. Alikuwa amechoka, na hivyo ni vitu viwili, ingawa kwa mbali vinafanana.

Basi akaendelea kulima hivyo hivyo, kama mtu anayepika kwenye jiko la watu, sikio moja mlangoni. Mpaka asubuhi moja mwezi wa tisa, Sipriani alipokuja kijiweni na pikipiki yake, akaiegesha, akaokota andazi kwenye beseni, akang'ata.

"Habari za asubuhi, shemeji. Nimekuja kwa roho nzuri."

"Roho nzuri haianzi kwa kuokota andazi bila kuuliza."

"Andazi la nyumbani, shemeji, nitaulizaje?" Akatafuna. Sipriani alikuwa dalali wa mahindi, mtu wa mashati ya kunyooka na simu mbili, na midomo yake haikupumzika, ama inasema ama inakula. "Sikiliza. Shamba limepata mnunuzi. Mtu wa tumbaku, hela anayo. Lakini nikajiuliza, nitamtupaje mjane wa kaka yangu? Nikasema nikupe wewe kwanza. Toa bei ileile, tukaandikishane kijijini, liwe lako."

"Uniuzie shamba langu."

"La ukoo."

"Ukoo ulilima lini?"

"Usianze, shemeji." Akaokota andazi la pili. "Mpaka mwisho wa mwezi wa kumi. Mvua zikikaribia, mtu wa tumbaku anataka kuandaa vitalu vyake. Mimi nina shida na hela, sikufichi. Nyumba haijaezekwa."

Nyumba hiyo ilikuwa ya mke mdogo, yule ambaye Padri hamfahamu lakini mtaa mzima unamfahamu.  Severina alihesabu tu maandazi yaliyobaki na kumwuliza kijana wa bodaboda kama anaongeza uji.

*

Kikundi chao kiliitwa Tujikwamue. Walikutana kila Alhamisi alasiri barazani kwa Odilia, nyuma ya duka lake la vitenge. Odilia ndiye mwenyekiti, mama mpana wa sauti na wa mwili. Mweka hazina alikuwa Bi Saada, mwembamba, mpole wa macho, mwenye ulimi unaokata bila kutoa damu. Sanduku lilikuwa na kufuli tatu na funguo zake zilikaa kwa wanawake watatu wasiopendana sana. Hiyo ndiyo ilikuwa siri ya usalama wake.

Hisa za Severina, zikizidishwa mara tatu kama desturi ya kikundi ilivyo, zilitosha kulipia shamba. Zilitosha kabisa. Kilichokosekana ni mwanaume.

Maana Tujikwamue walikuwa na sharti lao, wala hawakulitoa benki. Mwaka wa kwanza mwanachama mmoja alikopa akanunua cherehani, mumewe akaiuza, na kikundi kilipokwenda kudai, yule baba akajibu, "Mkopo gani? Mimi nilishirikishwa?" Wanawake wakarudi wameinamisha vichwa. Alhamisi iliyofuata wakaamua: anayekopa asimamiwe, kama kipaimara. Aje mwanaume wake, asimame mbele ya watu, aseme kwa mdomo wake, "Nimesikia, nimeridhia, akishindwa nitabeba." Na kila siku ya rejesho aje akae kwenye benchi aone mpaka deni liishe, asije akasema alikuwa safarini. Bi Saada akasema hata kwao Waislamu binti haolewi bila walii, kwa hiyo jambo si geni. Wakapiga makofi, likapita.

Mwaka jana alikuja Jane, bibi maendeleo ya jamii, binti wa watu kutoka Mara huko, akalisikia sharti hilo akashika kichwa.

"Mama zangu, hela ni zenu, sanduku ni lenu, halafu mnaomba ruhusa ya wanaume kulifungua? Mnajifanya watoto wenyewe! Lifuteni."

Maneno yale yalikuwa ya kweli, na Severina, aliyekuwa amekaa nyuma akinyoosha goti, alinyoosha na mkono kukubali. Lakini Fausta, mke wa fundi mwashi, akasimama akiwa mnyonge.

"Mimi naomba libaki. Siku ya rejesho ndiyo siku pekee mume wangu anaoga mchana, anavaa shati safi na kukaa karibu yangu watu wakiona. Mkilifuta, mimi nitakaa na nani?"

Wakacheka mpaka Jane naye akacheka, na sharti likabaki. Ndivyo mambo yanavyokwenda. Unakuta mnyororo, unataka kuukata, kumbe kuna mtu ameutundikia nguo zake.

Wajane na wasio na waume walikuwa na dawa yao: Mzee Urbani, fundi viatu wa pale kona. Mzee huyu kwa sahani ya makande yenye nyama alimsimamia mtu yeyote. Alikwishawasimamia wanawake wanne wa Tujikwamue, na mkewe alijua, na alichouliza tu kila jioni ni kama makande mengine yamebaki.

"Mzee Urbani, shikamoo," Severina akamwambia, akiketi taratibu kwenye kopo la rangi lililogeuzwa.

"Marahaba, mwanangu. Soli au kisigino?"

"Mume."

"Ah." Akashusha nyundo. "Alhamisi hii?"

"Hii."

"Mkubwa, huo mkopo?"

"Mkubwa. Wa shamba."

Mzee akapuliza vumbi kwenye kiatu. "Ukishindwa nitabeba, mwanangu, lakini unaona vitu vyenyewe vya kubeba. Nina sindano, gundi na huyu mama nyumbani."

"Sitashindwa."

"Najua. Ndiyo maana mimi nasimamia wanawake tu."

*

Alhamisi ikafika. Barazani wanawake walikuwa wameketi kwa mduara, sanduku katikati, Mzee Urbani kwenye benchi la wasimamizi akiwa na koti lake la Jumapili. Severina alikuwa hajalala vizuri. 

Pikipiki ikanguruma nje. Sipriani akaingia bila hodi.

"Nani huyu anayemsimamia mke wa kaka yangu?" Akamtazama Mzee Urbani. "Wewe? Ukoo wetu umekwisha wanaume, mpaka shemeji yangu anaazima mume kwa fundi viatu?"

Pale kijiweni hakuna siri. Wateja wa viatu wana masikio.  Severina akaona shamba linaondoka, mtu wa tumbaku anapanda vitalu vyake kando ya kijito. 

"Umeingia bila kusalimia na umesema bila ruhusa," Odilia akasema. "Faini mbili. Bi Saada, weka."

"Mimi si mwanachama wenu!"

"Sasa hapa barazani kwangu wewe ni nani?"

"Mimi ndiye msimamizi wake halali!" Sipriani akajipiga kifua. "Kaka amekufa, mimi ndiye kichwa. Kitu chochote cha shemeji kinapita kwangu. Mzee, toka hapo kwenye benchi."

Mzee Urbani hakugombana. Alisogea polepole, akajikung'uta koti.

"Mwanangu, mimi niliahidiwa makande tu. Kiti hicho, karibu. Kina msumari upande wa kushoto."

Severina akafungua mdomo akatae. Kwa nini atake huyu? Mtu anayemuuzia shamba ndiye huyo huyo aje amwekee dhamana ya kulinunua? Lakini Bi Saada, aliyekuwa amekaa jirani naye, akamgusa goti, lile bovu zaidi, akalibonyeza. Severina akafumba mdomo kwa maumivu, na maumivu yakampa nafasi ya kufikiri.

"Mwenyekiti," Bi Saada akasema kwa upole, "kama baba mwenyewe anaomba kusimama, sisi ni nani tumzuie? Tumsomee tu masharti asije akasema hakusikia."

Odilia akayasoma. Aliyasoma kwa sauti ya misa kubwa, taratibu, akisimama kila baada ya sharti moja. Msimamizi anahudhuria kila siku ya rejesho. Akichelewa, faini. Asipokuja, faini mara mbili. Mkopaji akishindwa, akiugua, akifa, msimamizi anabeba deni lote, na asipobeba kikundi kizima kitakwenda kwake kuchukua chenye thamani.

"Umeelewa, baba?"

"Mama, someni haraka, nina watu wananingoja." Sipriani alikuwa anatazama sanduku. Kufuli zilikuwa zinafunguliwa, moja, ya pili, ya tatu, na macho yake yalikwenda na kila ufunguo.

"Nikurudie?"

"Nimesikia, nimeridhia, akishindwa nitabeba! Hayo ndiyo maneno yenu? Nimeyasema."

Wanawake wakapiga makofi ya kikundi, yale ya pa-pa-pa. Odilia akahesabu fedha. Sipriani akanyoosha mkono. Fedha ikapita mbele ya mkono wake, kama basi lililojaa linavyopita mbele ya abiria, ikaenda kutua kwenye mapaja ya Severina.

"Ehe! Mimi si ndiye msimamizi?"

"Ndiye, baba," Bi Saada akasema. "Mwenye mkopo ni mama. Wewe kazi yako ni kukaa na kuogopa."

*

Kesho yake wakaandikishana kijijini. Mwenyekiti wa kijiji aliuliza kama haingekuwa vyema kuandika jina la mtoto wa kiume wa Severina, Edwin, aliyeko Makambako. Severina akasema Edwin hajui hata mpaka wa shamba uko wapi. Andika Severina. Akaandikwa. Sipriani akahesabu hela yake mara mbili, akawasha pikipiki, na bati za mke mdogo zikanunuliwa jioni ile ile, zile za rangi nyekundu.

Mtu angedhani siku hiyo Severina angerukaruka. Alikwenda mpaka katikati ya shamba lake, akasimama. Nyasi kavu zilikuwa zimemfika kiunoni. Akaziangalia zote, kutoka kijito mpaka barabarani, akasema peke yake, "Haya. Sasa na kulima nako."

Marejesho yakaanza. Kila mwezi, Alhamisi ya kwanza. Maandazi yaliyokuwa yanamlisha mtu mmoja sasa yakawa yanalisha na shamba. Akaongeza beseni la pili, akaamka mapema zaidi, akapunguza mboga. Rejesho la kwanza Sipriani alichelewa, akatozwa faini. La pili hakuja, akatozwa mara mbili. La tatu alifika wa kwanza kuliko wote, akakuta hata mikeka haijatandikwa.

Januari, mvua zikiwa zimekolea, Severina akashikwa na malaria. Siku mbili beseni halikuonekana kijiweni. Siku ya tatu mlango ukagongwa.

"Hodi, shemeji! Shemeji? Uko hai?"

Sipriani aliingia na mfuko wa machungwa, dawa na chupa ya chai. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyeota nyoka.

"Umekula? Umekunywa dawa? Zinywe na maziwa, dawa zile zinataka mafuta."

Severina akajiegemeza ukutani, kanga mpaka kidevuni, akautazama ule mfuko.

"Umeniletea machungwa."

"Ndiyo, shemeji."

"Otto alipolala miezi mitatu hospitali ya mkoa, ulileta nini?"

Sipriani akatazama dirisha. "Kipindi kile mambo yalikuwa magumu."

"Hapana. Ugonjwa wa Otto haukuwa na rejesho."

Alisema bila hasira. Hasira inataka nguvu. Akapokea chungwa, akalimenya, akala. Lilikuwa tamu, na hilo ndilo lililomkera.

"Shamba vipi?" Sipriani akauliza baadaye, kama mtu anayeuliza habari za mvua. "Limepaliliwa?"

"Kwa miguu gani, shemeji? Majani yamepita mahindi. Mahindi yakiharibika sina cha kuongezea kwenye rejesho. Maandazi peke yake hayafiki."

"Yasipofika?"

"Unajua wewe. Ulisomewa."

Jumamosi ile, wapita njia wa barabara ya Namtumbo waliona jambo. Sipriani, dalali wa mahindi, mtu wa simu mbili, amekunja suruali mpaka magotini, yuko na wanawe wawili wakubwa, wanapalilia. Jumamosi iliyofuata tena. Akanunua na mbolea kwa hela yake, akasema ni mkopo, kisha akaona aibu kuidai. Mtaani wakasema anataka kumrithi mjane. Maneno yakamfika mke mkubwa, yakamfika na mdogo, na kwa mara ya kwanza wale wanawake wawili wakawa na hoja moja. Sipriani aliwaapia wote kwamba hakuna mapenzi hapo, kuna benchi tu.

Severina alipopata nafuu alikwenda kuona. Palizi ilikuwa safi. Mahindi yalikuwa yamesimama kwenye matuta kama watoto wa shule Jumatatu. Sipriani alikuwa amekaa kwenye gogo akipulizia malengelenge ya viganja.

"Matuta ya juu hayajanyooka," Severina akamwambia.

Mwezi wa tatu, baada ya kikao, Bi Saada alimvuta pembeni.

"Mwenzangu, nikuambie kitu cha dhambi? Shindwa. Mwezi mmoja tu, miwili. Mwache yeye alipe. Shamba alikuuzia la kwako, hela ameila, ataitapika kidogo. Nani atamlilia?"

Severina alikuwa amelifikiria hilo, tena si mara moja. Kuna alfajiri nyingine alilifikiria akiwa na mikono ndani ya unga, akaona utamu wake wote: alale, mwingine alipe.

"Hapana, Bi Saada. Siku Sipriani akitoa hata shilingi mia kulipia lile shamba, kesho yake atasema amelinunua yeye. Na baraza watamwamini, maana ana sauti. Nitalilipa mwenyewe mpaka mwisho. Mtu asije akakuta senti yake mle ndani."

"Hata kama utakufa nalo?"

"Nikifa analipa yeye. Kwa hiyo hataniacha nife."

Bi Saada akacheka mpaka akashika ukuta. Severina hakucheka sana. Alikuwa amebakiza beseni moja la kuuza, na jua lilikuwa linakwenda.

*

Alhamisi ya kwanza ya mwezi wa sita baridi ilikuwa imeshika Songea vizuri. Watu walikuja kikaoni na masweta na mablanketi mabegani. Rejesho la mwisho la Severina lilikuwa limefungwa kwenye pindo la kanga yake, fundo mbili, hela yote, hata sarafu. Alilisikia likimgonga pajani kila alipopiga hatua.

Sipriani alikuwa kwenye benchi amevaa shati jeupe. Mwezi huo alikuwa mchangamfu ajabu. Alimsalimia kila mtu. Alimwita Mzee Urbani, aliyekuja kumsimamia Fausta kwa sababu mwashi alikuwa Mbinga, akamwambia, "Leo namaliza kifungo, mzee. Kuanzia kesho mtaniona mnadani tu."

Severina akaketi. Magoti yakalia. Akawaza yaliyo mbele: mahindi yamekauka kwenye mabua, yanangoja kuvunjwa. Kuvunja peke yake ni siku nyingi kwa mtu wa umri wake. Kisha kukusanya, kubeba mpaka barabarani, kutafuta gari, kupukuchua, kuanika, kutia dawa. Vibarua wanataka hela, na hela ndiyo hii iliyofungwa. Alifikiri haya bila haraka, huku akisikia majina ya wengine yakiitwa na noti zikitua sandukuni.

"Severina! Rejesho la mwisho," Odilia akatangaza, na wanawake wakaandaa viganja vyao kwa makofi.

Severina akaushika ule mkunjo wa kanga. Akalibonyeza fundo. Bi Saada aliliona. Macho yake yalishuka pajani yakapanda tena usoni, yakatulia.

"Mwenyekiti," Severina akasema, "leo naomba nitozwe faini ya kuchelewesha."

 Viganja vikashuka.

"Unachelewesha?" Odilia akauliza. "Wewe? Hujawahi."

"Ndiyo maana naomba. Niwekeeni faini, nailipa sasa hivi." Akachomoa mfukoni mwa sweta hela ya faini, iliyokuwa ndogo kuliko ujira wa kibarua mmoja wa siku moja, akaiweka mbele ya Bi Saada. Bi Saada akaipokea kwa mikono miwili kama sadaka, hakusema kitu, na kwa mwanamke yule kutosema kitu ilikuwa kazi kubwa.

Sipriani alikuwa amesimama.

"Shemeji! Una nini? Umekwama wapi? Umebakiza moja tu! Unaumwa?"

"Nimechoka, shemeji."

"Umechoka! Watu wanachoka na wanalipa!"

"Mahindi hayajavunjwa," Severina akasema. Ulikuwa ukweli mtupu, na aliusema akiangalia sakafu. "Na ng'ombe wa watu wameanza kuachiwa mashambani."

Sipriani akatazama wanawake, mmoja baada ya mwingine, wote wametulia na mablanketi yao. Akamtazama Mzee Urbani, ambaye ghafla alikuwa na shughuli na kamba za viatu vyake. Akaketi. Akaketi upande wa kushoto, akaruka, akaketi tena upande wa kulia.

"Jumamosi," akasema kwa sauti ndogo. "Nitakwenda na wanangu. Na pikipiki ya tairi tatu ya rafiki yangu, tubebe yote."

"Msiyatupe chini, yatashika mchanga," Severina akasema. "Mtandike turubai."

"Turubai, ndiyo."

"Na mbegu za mwakani nichagulie magunzi makubwa."

"Shemeji!"

"Au basi, acha. Nitakwenda mwenyewe pole pole. Itachukua hata miezi miwili."

"Nitachagua," Sipriani akasema.

Kikao kikafungwa. Njiani Bi Saada alimshika Severina mkono kwenye ule mteremko wenye mawe, wakaenda mpaka njia panda.

"Alhamisi ijayo?" Bi Saada akauliza.

"Alhamisi ijayo nalipa. Mahindi yakishafika ndani."

Jumamosi hakukanda unga. Aliwaambia vijana wa bodaboda tangu jana yake, wakanung'unika wakaambiwa wakale kwa wake zao. Alfajiri macho yalifunguka yenyewe kwa mazoea. Akasikia baridi inavyopita chini ya mlango, akasikia pikipiki mbili zikishika barabara ya kwenda Namtumbo, moja ina mlio wa turubai lililofungwa vibaya. Akageukia ukutani, akavuta blanketi. Jua likapanda, likaingia dirishani, likafika kitandani, likamkuta bado amelala.